Dakta Anayetaka Kuwa Daktari

Leo nimekuja na habari ya karatasi moja.

Ni slipu ya matokeo ya kidato cha nne, KCSE ya mwaka 2007. Imekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kukatika. Mwenyewe huiweka katika mfuko wa plastiki, ile mifuko myembamba ya dukani iliyopigwa marufuku nchini mwaka 2017, kwa hiyo mnaweza kukisia imekaa humo muda gani. Mfuko nao umo ndani ya sanduku la bati, pamoja na cheti cha kuzaliwa, stakabadhi za karo na programu mbili za mazishi, ya baba na ya mama.

Mwenye slipu ni tabibu, wale ambao serikali huwaita maafisa wa kliniki. Ana miaka 36, mke mmoja na watoto watatu. Kazini ni katika kituo cha afya upande wa Nyatike, kaunti ya Migori, na kwao ni Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Mimi nilimfundisha Kemia. Nimestaafu, lakini yeye bado huniita Mwalimu, na mimi humwita Dakta, kama wagonjwa wake wanavyomwita. Kwetu huku kila anayeshika dawa ni daktari: tabibu, muuguzi, mwenye duka la dawa, hata yule anayekuja kuchanja ng'ombe.

Alifika kwangu Jumamosi asubuhi akitoka zamu ya usiku. Mke wangu akamwekea chai, hakuigusa. Akatoa mfuko, akatoa slipu, akaiweka mezani na kuinyoosha kwa kiganja kama mtu anayepiga pasi.

"Mwalimu," akasema, "nataka kwenda kusomea udaktari wenyewe. Nitume maombi mwaka huu au ningoje?"

Sikumjibu. Nilimwuliza alikuwa akingoja nini. Akanihesabia kwa vidole: mkopo wa Sacco uishe, nyumba ipigwe lipu, kifungua mimba avuke shule ya msingi, halafu yeye mwenyewe atulie kidogo. Nikapiga hesabu, nikaona ni miaka minne hivi. Hicho kidole cha mwisho, cha kutulia, sijapata kumwona mtu mzima aliyekimaliza.

Kabla ya hesabu kuna neno nililotaka kulitoa njiani, nalo ni kuchelewa. Alilitaja mara tatu kabla chai haijapoa. Nimechelewa, Mwalimu. Wenzangu walishamaliza zamani. Nikamwambia anyamaze kwanza, maana mimi nilikuwepo.

Nilikuwepo darasani miaka ile ukimwi ulipokuwa ukiikomba Homa Bay. Unaita rejista Jumatatu asubuhi, unafika jina fulani, darasa linajibu, "Yuko nyumbani, kuna msiba." Miezi michache baadaye ni jina lile lile, jibu lile lile, jeneza jingine. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, zikiletwa na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Ilipita hadi 2006 ndipo serikali ikatangaza kwamba zitatolewa bure katika hospitali za umma kote nchini. Baba yake tabibu alizikwa mwaka 2000. Mama alifuata 2005, wakati ambapo dawa zilikuwepo mjini lakini habari na nauli hazikuwepo kijijini. Kijana alikuwa na miaka 16, kidato cha pili, na nyuma yake wadogo wanne.

Akafanya mtihani 2007, akapata B-, na katika Kemia yangu akapata C+. Kemia hiyo naijua. Muhula wa pili wa kidato cha nne alikosa wiki tano kwa sababu ya kesi ya shamba na wajomba, na wiki hizo ndizo tulizofanya titresheni. Siku ya mtihani wa maabara alimwaga asidi tone moja zaidi ya ilivyotakiwa, ile rangi ya waridi ikapotea yote mara moja, na hakuwa na muda wa kurudia. Tone moja! Mimi huyaona matone ya namna hiyo kwenye slipu za watu wengi wa rika lake.

Matokeo yalipotoka hakwenda chuo. Alikwenda Sori, ufuoni, akawa anavua omena usiku kwa karabai, akisomesha wadogo zake. Miaka sita. Cheti chenyewe cha KCSE hakukipata, kwa kuwa shule ilikuwa ikimdai karo na mwalimu mkuu wa wakati huo alikifungia kabatini, na hakikutoka hata baada ya Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 kukataza mtu yeyote kumzuilia mtahiniwa cheti chake. Ndiyo maana slipu ile inalala na cheti cha kuzaliwa. Aliingia chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, tawi la Homa Bay, akiwa na miaka 24 kwa slipu hiyo hiyo.

Sasa niambieni, huyu alichelewa wapi? Alicheleweshwa. Kijana wa Nairobi wa rika lake alianza mbio siku bunduki ilipolia. Huyu wetu alishikwa shati. Na si yeye peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba Homa Bay karibu watu wazima 20 katika kila 100 wanaishi na virusi, na Migori 13. Nyuma ya hesabu hiyo kuna maelfu ya watu wenye miaka thelathini na kitu ambao ujana wao uliliwa na kulea, kuuguza na kuzika. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba amechelewa unaongeza tusi juu ya kilio. Mdogo wake wa mwisho alimaliza shule juzi tu. Hapo ndipo alipoachiliwa shati.

Najua kuna msikilizaji anayesema, Mwalimu, mbona unajisumbua, elimu haina umri. Ni kweli. Nchi hii ndiyo ya mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Ndiyo pia ya Gogo Priscilla Sitienei wa Ndalat, Nandi, aliyevaa sare ya shule ya msingi akiwa na miaka zaidi ya 90. Gogo alikuwa mkunga miaka mingi, na alipoulizwa anasomea nini, alisema angependa kuwa daktari. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi.

Nawaheshimu wazee hao. Ila nasema kwamba mifano yao huwaharibia hesabu watu wa makamo. Gogo hakuwa na mtoto wa kumlipia karo wala mkopo wa Sacco. Mtu wa miaka 36 akisikia kwamba elimu haina umri huelewa kwamba basi hata mwakani inawezekana, na mwaka wa kesho kutwa pia. Elimu haina umri, sawa. Ajira inao.

Basi nikampa Dakta daftari na kalamu. Nikamwambia aandike 60 juu ya ukurasa. Huo ndio umri wa kustaafu katika utumishi wa umma, tangu ulipopandishwa kutoka 55 mwaka 2009. Kisha aandike udaktari: miaka 6 chuoni, mwaka 1 wa uanagenzi hospitalini. Hiyo ni 7, na hapo ndipo vipeperushi vya vyuo hukomea.

Mimi nikamwambia aongeze 1 wa kungoja. Akaniuliza wa kungoja nini. Nikamkumbusha. Kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 madaktari wa umma waligoma siku 100. Mwaka 2024 wakagoma tena, tangu katikati ya Machi hadi Mei, siku 56, na ugomvi mkubwa ulikuwa malipo ya hao hao wanagenzi: serikali ikitaka kuwapa Sh70,000 kwa mwezi, chama cha madaktari kikishikilia Sh206,000 za mkataba wa 2017. Katikati ya mvutano vijana waliofuzu walikaa nyumbani miezi na miezi wakisubiri kupangiwa hospitali. Kijana wa miaka 25 akikaa kwa mamake anakula tu ugali na kulala. Baba wa watoto watatu akikaa hivyo, mtoto mmoja anarudishwa nyumbani kwa karo. Kwa hiyo andika 8, na ukimaliza mapema mshukuru Mungu.

Akaandika. Akianza mwaka huu, 36 na 8 ni 44. Inabaki miaka 16 ya udaktari kabla ya 60. Akingoja ile miaka minne ya vidole vyake, 40 na 8 ni 48. Inabaki 12.

Alitazama namba hizo kimya. Nikamwonyesha kitu ambacho watu wengi hawakioni. Miaka minne unayongoja huku mwanzoni inakatwa kule mwishoni. Na ile ya mwishoni ndiyo mizuri, wakati daktari ameiva, ameshaona kila aina ya homa na kila aina ya uongo wa mgonjwa, na wanagenzi wanamfuata wadini kama vifaranga. Unauza miaka yako bora ili upige nyumba lipu.

Sikusema kwamba kila mtu aende. Mtu wa miaka 45 akija na daftari hilo hilo, namba zinampa miaka saba ya kazi, na mkopo juu yake. Huyo, kama ni tabibu, mimi ningempeleka kwenye diploma ya juu ya KMTC, ambako kwa muda mfupi sana kuliko ule wa udaktari anatoka akiwa mtaalamu wa kutia wagonjwa ganzi, au wa watoto, au wa macho. Wapo matabibu nchini humu wanaotoa mtoto wa jicho kwa mikono yao, na bibi aliyeingia akishikwa mkono anatoka akitembea mwenyewe. Bibi huyo hamwulizi aliyemtibu kama ana digrii. Kwa miaka 36, lakini, hesabu bado inalipa.

Yuko pia mtu mmoja wa kale anayenifurahisha katika jambo hili, Albert Schweitzer, Mzungu wa Alsace aliyefungua hospitali Lambaréné, Gabon, mwaka 1913. Alianza kusomea udaktari mwaka 1905 akiwa na miaka 30, tayari ni msomi wa dini na mpiga kinanda anayejulikana. Watu humsifu kwa kuanza akiwa mtu mzima. Mimi humsifu kwa sababu nyingine: akiwa na miaka 21 alijiwekea mpaka kwamba hadi 30 atakuwa wa vitabu na muziki, na baada ya hapo ni kazi ya kuwahudumia watu. Alikuwa na tarehe. Tabibu wangu alikuwa na vidole vinne visivyo na tarehe hata moja.

Twende kwenye pesa, maana najua ndiko mnakosubiri.

Kuna hadithi inayopendwa sana huku, ya ndugu wawili wa Lwala, Kamagambo, karibu na Rongo. Milton Ochieng' alipata nafasi ya kusoma chuo cha Dartmouth, Marekani, lakini hakuwa na nauli ya ndege. Wanakijiji wakauza ng'ombe na kuku wakamchangia. Nduguye Fred akamfuata. Wazazi wao wote wawili walikufa kwa ukimwi wakati vijana wakiwa masomoni, na mwaka 2007, Milton akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, zahanati ya Lwala ikafunguliwa, ile ambayo baba yao aliitamani. Leo Lwala inajulikana mbali, na baadhi ya wakunga wa jadi wa maeneo yale, tunaowaita nyamrerwa, wamegeuzwa wahudumu wa afya wa jamii wanaowapeleka akina mama kituoni kujifungua.

Hadithi nzuri. Lakini tazameni ng'ombe aliuzwa kwa ajili ya nani. Aliuzwa kwa ajili ya kijana. Sijawahi kuona harambee ya kumpeleka chuoni baba wa watoto watatu mwenye kiambaza cha kwake na pikipiki. Kadi ya mchango ukiipeleka kanisani watu wataisoma mara mbili wakidhani ni ya mwanao. Serikali nayo ni hivyo hivyo: ufadhili wa chuo kikuu umepangwa kwa aliyetoka kidato cha nne majuzi na kupangiwa nafasi na KUCCPS. Mtu mzima kwa kawaida huomba chuoni moja kwa moja na kujilipia, kwa mlango uliofunguliwa mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo ya wanaojilipia. Na karo ya udaktari kwa mlango huo huhesabiwa kwa malaki kila mwaka.

Kwa hiyo muda wa kutuma maombi kwa mtu mzima ni swali la nani atabeba nyumba. Mshahara wa tabibu ukikatika, nini kinaingia? Likizo ya masomo ya kaunti ipo, lakini ina foleni na bajeti, na ukiipata unatia sahihi ya kurudi kuitumikia kaunti. Mimi naona sahihi hiyo ni neema, wengine huiona kitanzi. Lokamu zipo, zile zamu za kuazima katika kliniki za watu, na tabibu mwenye leseni anaweza kuzifanya wikendi miaka miwili ya kwanza, wakati masomo ni ya darasani na maabara. Akifika mwaka wa tatu, akaanza raundi za wadini, lokamu zinapungua zenyewe. Basi akiba ya kweli inayotakiwa ni ya mwaka wa tatu hadi wa sita. Wengi hukusanya ya mwaka wa kwanza wakafurahi.

Juu ya kukaa darasani sitawadanganya. Anatomia haiheshimu umri. Kukariri mishipa ya mkono ukiwa na miaka 37, baada ya siku ambayo mtoto alikuwa na homa, ni kazi ya punda. Utakaa na watoto wa miaka 19 watakaokuita mzee, na mhadhiri mmoja atakuwa yule mwanagenzi uliyemfundisha kushona kidonda Migori miaka minane iliyopita, sasa ana shahada mbili na anakuita "wewe wa nyuma". Utameza. Halafu mtavuka kwenda hospitali kubwa ya Kisumu, ile wazee bado wanaiita Russia, na hapo meza itageuka. Watoto wale watamwona mama anayetetemeka kwa kifafa cha mimba wakaganda. Wewe utakuwa umeshashika dripu.

Tena hatuzungumzi kitu kigeni. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi na wengine, walianza kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wenye cheti ili wafike diploma bila kuacha kazi. Wakati huo wauguzi wa ngazi hiyo nchini walizidi 20,000, wengi wao ni watu wazima wa vituo vya mashambani. Mama wa miaka 40 na kitu ambaye hajawahi kushika kipanya cha kompyuta alikaa usiku baada ya zamu akabofya kwa kidole kimoja. Walifuzu. Ukiingia kituo cha afya leo ukahudumiwa na sista mwenye mvi, huenda ni mmoja wao.

Alama sasa. Kijana anayetoka shuleni akitaka udaktari huulizwa masomo yote ya sayansi: Baiolojia, Kemia, Fizikia au Hisabati, pamoja na lugha, na alama za juu katika kila moja. Slipu ya Dakta haifiki hapo. Njia yake ni diploma: baadhi ya vyuo hupokea tabibu aliyefaulu vizuri KMTC, hata kama KCSE yake si ya kijana bingwa. Masharti hayafanani chuo kwa chuo, kwa hiyo asitume pesa ya fomu kabla hajasoma masharti ya chuo hicho na kuuliza Baraza la Madaktari, KMPDC, kama shule yenyewe imeidhinishwa. Swali hilo la pili lina uzito zaidi kwa anayevuka mpaka. Wakenya wengi husomea udaktari Uganda, wengi wao Kampala International kule Ishaka, na kozi yao ni miaka 5. Mwaka mmoja kwa mtu wa miaka 36 si kitu kidogo. Lakini mwaka uliookolewa unaweza kuliwa na mtihani wa kutambuliwa ukirudi, basi uuingize kwenye daftari.

Nimemsema tabibu muda mrefu, na kuna mtu mwingine ambaye ndiye hasa ningempigia kelele leo. Ni mama mmoja wa huku kwetu, miaka 41, mmoja wa wale wahudumu wa afya ya jamii 100,000 ambao serikali iliwakabidhi mikoba yao Septemba 2023. Posho ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti, ikija. Mkoba una kipimo cha presha, cha sukari, mizani na simu. Nimemwona kazini. Hukaa kwenye kigoda mbele ya mzee, humfunga kile kitambaa mkononi, hukataza maongezi mpaka namba itulie, kisha huandika, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wa wengi niliowafundisha. Ana C ya KCSE. Kwa alama hiyo ya jumla diploma za KMTC ziko wazi, mradi masomo ya sayansi na lugha yafike panapotakiwa. KMTC ipo Migori, ipo Homa Bay, haimtoi mbali na watoto. Miaka 3, na kama ni utabibu, mwaka 1 wa uanagenzi. Anatoka na 45, mbele yake 15.

Nilipomwambia alicheka, akasema, "Mwalimu, mimi ni mama mzima, niende nikavae sare?" Lakini kucheka kwake kulikuwa kwa mtu ambaye ameshawahi kuwaza jambo hilo peke yake. Kwa maoni yangu huyu ana haraka kuliko Dakta. Dakta akikosa mwaka huu bado ana mshahara na leseni. Mama huyu kila mwaka anaongojea ni mwaka wa Sh5,000.

Turudi kwa Dakta tumalize. Baada ya wiki mbili alirudi kwangu, safari hii na mkewe. Ni mwanamke wa Karungu, anauza omena Sori na Macalder, na yeye ndiye aliyeshika daftari. Alikuwa ameongeza ukurasa wake. Ameandika miezi: Aprili hadi Julai, omena imefungwa ili izaliane, hakuna biashara. Septemba, vyuo vinafungua, karo inatakiwa. Yaani pesa kubwa zaidi ya mwaka inadaiwa mara tu baada ya miezi minne ya mfuko mtupu. Mumewe alikuwa na miaka yote kwenye daftari na hakuwa ameona miezi. Yeye aliona. Akapendekeza kwamba omena ya Januari hadi Machi iwe ya chuo, iwekwe Sacco isiguswe, na lipu ya nyumba ingoje.

"Nyumba haijawahi kumzuia mtu kulala kwa sababu ya lipu," akasema.

Halafu akamgeukia mumewe mbele yangu akamwuliza swali ambalo mimi, na hesabu zangu zote, sikuwa nimeliuliza. "Ukishakuwa daktari, utarudi Nyatike, au nitakuwa nimemsomeshea mtu Nairobi?"

Dakta alikaa kimya kitambo. Akasema atarudi. Mkewe akasema basi aliandike, akampa kalamu, naye akaandika chini ya ile 60, na mimi nikatia sahihi kama shahidi. Jumatatu alikwenda shuleni kukiulizia cheti chake, akiwa na nakala ya sheria ya 2012 mfukoni. Mwalimu mkuu wa sasa alikitoa kabatini bila neno, kikiwa na vumbi tu. Maombi yamekwisha tumwa, na anangoja jibu la chuo.

Nawe msikilizaji, kama una slipu katika sanduku, itoe usiku wa leo. Soma alama ya Kemia, soma ya Baiolojia, andika 60 juu ya karatasi, kisha mwite mwenzako mkae wote wawili. Lango la maombi hufunguliwa wiki chache tu kwa mwaka.